Fromaji ya Mwaka wa Nne

Enzi zetu mpango wa muhula haukuja nyumbani kwenye karatasi. Ulikuwa ubaoni, umeandikwa kwa chaki na Mwalimu Anastazia Jumatatu ya kwanza, na asiyeunakili siku hiyo alikuwa ameukosa, maana kesho yake ubao ulishafutwa kwa majani ya maboga. Binti yangu Gloria, anayesoma mwaka wa nne hapa Masisi kwenye shule ya misheni, ameletewa wake umepigwa chapa, una picha ya njiwa juu, na chini pameachwa nafasi ya mzazi kutia saini. Nilitia saini huku nimekunja uso. Niwaambieni ukweli, wenzangu wa rika langu, kwa kuwa najua wengi wenu mnasikia vilevile na mnanyamaza: nina wivu na mtoto wangu mwenyewe.

Nina wivu na viatu vyake vyeusi vyenye kifungo. Nina wivu na motari, dereva wa pikipiki, anayempandisha kilima asubuhi, amekaa katikati ya wenziwe wawili, begi mgongoni, huku sisi tulipanda kilima kama hicho miguu mitupu, ukungu ukiwa mzito hata humwoni aliye mbele yako, unamfuata kwa kikohozi chake. Nina wivu na daftari zake sita. Sisi tulikuwa na moja kwa masomo mawili: mbele hesabu, nyuma dini, na zikikutana katikati ndipo baba anauza debe la maharagwe na kununua nyingine. Na zaidi ya yote nina wivu na ile karatasi yenyewe, iliyoandikwa juu "Mambo tutakayojifunza muhula huu", kwa sababu mtoto anajua tangu siku ya kwanza anakwenda wapi. Sehemu na desimali. Mito na milima ya teritwari yetu. Vitenzi vya Kifaransa vya wakati ujao. Sakramenti ya kitubio. Na ordinateri.

Hiyo ordinateri, yaani kompyuta, shule haina. Mwalimu wao ameichora kwenye katoni, na watoto wanapanga foleni kubonyeza katoni. Gloria anajua kuiwasha na kuizima bila kosa. Hata hivyo nina wivu, maana enzi zetu hatukuwa na katoni.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho kizazi hiki hakina, na hapo na mimi naringa. Watoto wa siku hizi wanakula biskuti za pakiti saa ya mapumziko na hawajui ua la haragwe likoje. Wakiulizwa maziwa yanatoka wapi wanataja duka. Sisi, muhula wa pili wa mwaka wa nne, tulijifunza kutengeneza fromaji, yaani jibini.

Shule yetu ilikuwa Karuba, ile Karuba ya vilima na ng'ombe mnayoijua. Tulikuwa wanafunzi arobaini na kitu kwenye benchi za mbao, wasichana upande wa dirisha, wavulana upande wa ukuta. Alhamisi hatukuja na daftari, tulikuja na jembe ama na kinyesi cha ng'ombe kwenye jani la mgomba, cha kusiribia sakafu ya darasa isitimke vumbi. Wavulana wakubwa walikuja na chukudu zao, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, na shule ikifungwa waliteremka nazo kilima kizima wakipiga kelele, huku sisi wasichana tukicheza nzango, mchezo wa kuruka na kurusha miguu, uwanjani mpaka mama zetu watuite. Chakula kilikuwa viazi vitamu vya kuchoma, vimefungwa kwenye jani, vimepoa. Mama alikuwa na neno moja tu la kuniaga: "Ukirudia na nguo ya matope, lala kulekule." Sikulala kulekule hata siku moja, lakini nilirudi na matope siku nyingi.

Mwalimu Anastazia alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye sauti ya chini iliyotufanya tunyamaze ili tumsikie. Jumatatu ile aliandika muhula wote ubaoni, na mwisho, chini ya Kazi za mikono, akaandika neno moja: fromaji. Darasa lilinong'ona. Akatueleza. Wazazi wenye ng'ombe wangetoa maziwa. Sisi tungetengeneza fromaji moja kubwa, ya darasa zima, na ingekaa kwenye stoo ya masista muhula mzima, ikigeuzwa kila asubuhi na kufutwa kwa kitambaa cha maji ya chumvi. Ingeiva mwisho wa muhula, wiki ileile tutakayopokea Komunyo ya kwanza. Ingepelekwa altareni siku hiyo pamoja na matoleo, kisha ingekatwa, kila mtoto apate kipande. Kwa muda wote huo hesabu zetu za sehemu zilifanywa kwa fromaji. Mwalimu alichora duara ubaoni, akaligawa nusu, robo, thumni, na matumbo yetu yakajibu kabla ya vinywa.

Nakumbuka siku tuliyoitengeneza kama vile ilikuwa juzi. Maziwa yalipashwa moto kwenye sufuria kubwa ya masista, yakatiwa dawa ya kugandisha, na tukakaa kimya tukiyatazama yakigeuka. Yakakatwakatwa, yakachujwa maji, yakashindiliwa kwenye bati la mviringo lenye matundu, jiwe likawekwa juu. Siku mbili baadaye ilitoka nyeupe, nono, inateleza. Tuliipitia kwa foleni, kila mmoja akaigusa kwa kidole kimoja.

Sasa ilibidi apatikane wa kuigeuza kila asubuhi, na huyohuyo ndiye angeibeba altareni. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani mihula miwili mfululizo. Nilikaa wima. Nilishaanza kufikiria gauni jeupe, nyimbo, watu wa vilima vyote wamegeuza shingo, na mimi katikati nimebeba fromaji mikononi kama mtoto mchanga.

Mwalimu akasema, "Faida."

Faida alikuwa rafiki yangu, tulikaa benchi moja. Kwao walikuwa na ng'ombe wanne. Kwetu kulikuwa na maharagwe na mihogo. Alijua kukamua kabla hajajua kusoma, na baba yake ndiye aliyetoa maziwa mengi kuliko wazazi wote. Darasani alikuwa wa ishirini na ngapi, hata yeye hakujua. Lakini aliposhika kitu cha maziwa, vidole vyake vilitulia, na Mwalimu alikuwa ameliona hilo. Mimi nililiona pia. Ndilo lililoniuma.

Basi kila asubuhi, sisi tukiwa kwenye mstari tunaimba, Faida alipewa ufunguo wa stoo. Alitoka baada ya muda mfupi, mikono inanukia chumvi na maziwa, akaja kusimama kando yangu. Hakuringa. Laiti angeringa ingekuwa nafuu. Alininong'oneza tu, "Leo imeanza kuwa manjano." Siku nyingine, "Leo imekuwa ngumu huku pembeni." Aliniambia kila kitu, kwa kuwa nilikuwa rafiki yake, na kila alichoniambia kilinichoma. Nilikosa usingizi, mtoto wa miaka kumi. Katika hesabu nilianza kukosea. Robo na thumni zote zilikuwa na uso wa Faida.

Alhamisi moja tulipangiwa kufagia stoo. Wenzangu wakaitwa kumfukuza mbuzi aliyeingia kwenye bustani ya masista, nikabaki peke yangu na ile fromaji kwenye ubao wake. Nilichomoa kijiti kimoja kwenye ufagio. Niliinua fromaji kidogo, nikaichoma upande wa chini, mpaka kati, mara tatu. Halafu nikasugua kwa kidole chenye mate, matundu yakazibika juu, usiyaone. Nikaendelea kufagia.

Nilichotaka ni kwamba Mwalimu aone kasoro, amkaripie Faida, ampe mwingine ufunguo. Sikufikiri zaidi ya hapo. Lakini hakuna aliyeona kitu. Kesho yake Faida aliigeuza, akaifuta, akaja kwenye mstari akasema, "Inaendelea vizuri." Wiki zikapita, na mimi nikaanza kujiambia kwamba labda fromaji ina njia ya kujiponya yenyewe.

Wiki ya mwisho tukaungama mara ya kwanza. Muhula mzima tulikuwa tumefundishwa: kukumbuka, kujuta, kuungama, kutengeneza ulichoharibu. Mwalimu alisisitiza hiyo ya nne. Alisema ukivunja chungu cha jirani, Padre atakuondolea dhambi, lakini jirani bado hana chungu. Ijumaa nikapiga magoti, nikamwambia Padre kuwa nilimjibu mama vibaya, nilikula sukari ya mgeni, na nilikuwa na wivu. Akaniuliza, wivu na nani? Nikasema, na watu. Akanipa Salamu Maria tatu, nikatoka mwepesi, nikaruka mtaro wa kanisa kwa miguu yote miwili. Niliona mambo yamekwisha.

Jumamosi Mwalimu Anastazia alileta kisu darasani kuonja kipande kimoja kabla ya siku kuu. Alikata kidogo upande wa chini. Harufu ilifika kwetu kabla hajasema neno. Ndani ilikuwa ya kijani na nyeusi, na kulikuwa na vitu vinavyotembea. Aliikata nusu, ikawa vilevile mpaka kati. Watoto wengine walicheka, wengine walianza kulia kwa ajili ya vipande vyao.

"Faida," Mwalimu alisema kwa ile sauti ya chini, "ulikuwa unaigeuza?"

"Ndiyo, Mwalimu. Kila asubuhi."

"Na chumvi?"

"Na chumvi pia."

Mwalimu aliweka kisu chini. Hakumpiga, hakumkaripia. Alisema tu, "Basi," akaifunika ile fromaji kwa kitambaa na kuitoa nje. Alipofuta mikono akatangaza kuwa kesho tungepeleka maharagwe, na kwa kuwa mama yangu alikuwa na maharagwe mazuri, mimi ndiye ningebeba.

Nikabeba. Nilivaa gauni jeupe la kuazima, nikabeba beseni la maharagwe ya mama mbele ya watu wa vilima vyote, na mama alikuwa amesimama kwenye benchi la tatu akipangusa macho kwa kitenge. Lakini watu hawakunitazama mimi. Walimtazama Faida, aliyekuwa analia kwenye mstari wa wasichana, na wanawake walisema, maskini, mtoto wa watu. Mnajua nilisikia nini? Nilisikia wivu. Nimebeba matoleo, nimevaa nyeupe, na hata machozi yake niliyaonea wivu.

Hatukulizungumza tena. Tulisoma wote mpaka mwaka wa sita, benchi moja. Baadaye yakapita mambo ambayo kila mtu wa huku anayajua. Tulikimbia, tukarudi, tukakimbia tena. Mimi niliolewa Masisi. Faida aliolewa palepale Karuba, na mwanamume wa kulima maharagwe. Tulisalimiana sokoni, tukaulizana watoto. Nilimwona ni mtu wa furaha ya kawaida, na nikajiambia kwamba ni jibini tu, ni mambo ya watoto.

Mpaka ilipokuja karatasi ya Gloria. Chini ya Dini palikuwa na kazi ya nyumbani ya kuwauliza wazazi, na Gloria akakaa mbele yangu na kalamu tayari.

"Mama, Metrese anasema tuulize bazazi. Wakati mulikuwa mwaka wa nne, muliharibisha nini? Na mulitengeneza namna gani?"

Nilikuwa napepeta mchele. Sikuacha kupepeta. "Nilivunja kibuyu ya nyanya yangu," nikasema. "Halafu nikamutafutia ingine."

Akaandika kwa mwandiko wake mzuri. Siku ya tatu akarudi na tisa juu ya kumi, na pembeni kwa wino mwekundu Metrese, mwalimu wao, ameandika: Pongezi kwa Mama. Tisa juu ya kumi ya dini, kwa uongo. Baba yake yuko Omate, machimboni. Jioni akapiga simu, Gloria akamsomea yote. Nikamsikia akicheka kwa mbali. "Unaona," alimwambia, "mama yako alikuwa mutoto muzuri."

Jumamosi nilichukua motari, nikampakia Gloria mbele yangu, tukaenda Karuba. Sikumweleza kitu. Nilimwambia tu kwamba tunakwenda kusalimia rafiki yangu wa shule.

Faida alikuwa uani anapura maharagwe, rungu mkononi, maganda yamemfika magotini. Alifurahi kutuona. Alimshika Gloria kidevu, akamuuliza anasoma mwaka gani, akaleta viti viwili. Nikaogopa kwamba nikikaa sitasema, kwa hiyo nikasema nimesimama.

"Faida, ile fromaji ya mwaka wa nne. Ni miye niliiharibisha."

Aliacha kupura. "Namna gani?"

"Niliitoboa. Na kijiti ya ufagio, chini yake."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Juu ya nini ulifanya vile?"

"Juu ya wivu. Wewe njo ulikuwa unaenda kuibeba."

Aliketi juu ya maganda, polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani. Nilisubiri anitukane. Nilikuwa tayari kwa matusi, hata kwa lile rungu. Yeye akawa anaitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

"Miye nilijua ni mukono yangu," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza bila kunitazama. Ile Jumapili, walipofika nyumbani kutoka kanisani, shangazi yake alisema kwamba kuna watu ambao mkono wao haupatani na maziwa, kwamba wakishika yanaharibika, na hakuna dawa. Haikuwa kwa ukali. Hakuna aliyemgombeza. Kesho yake alipochukua chombo cha kukamulia, mama yake alimpokonya taratibu, akamtuma kuni. Kesho kutwa vilevile. Baadaye hakuna aliyehitaji kumwambia.

"Wakati niliolewa, niliambia bwana yangu mbele," Faida alisema. "Nilimwambia, miye sishike maziwa, usinione muvivu. Na sasa tuko na ng'ombe moja. Muke wa kijana wangu njo anaikamua. Hata ya mutoto, hata ya chai, ni yeye."

Nilimwomba msamaha. Nilisema maneno mengi, sikumbuki yote, na nililia kuliko yeye. Aliniacha nimalize.

"Nitakusamehe, Mama Gloria," akasema. "Lakini si leo. Leo acha nikae."

Tulipoaga, mkwewe alikuwa amefika na ndoo ya maziwa ya jioni, akaiweka mlangoni ili afungue kufuli. Faida alitaka kupita aingie ndani atuletee maharagwe ya safari. Alipoikaribia ile ndoo aliingiza mikono yake miwili ndani ya kitenge, akapita kwa ubavu, amejibana ukutani. Sidhani alijua kwamba anafanya hivyo.

Nyumbani Gloria alitoa daftari la dini kabla hata ya kuvua viatu, akakaa mezani na kile kifutio chake cha rangi ya waridi. Mara ngapi nimemwona akikosana na rafiki yake Jumatatu asubuhi, na saa sita wanagawana biskuti. Anasema pardon, anajibiwa ni sawa, yamekwisha. Sisi tuliofundishwa kunyamaza mbele ya wakubwa, tuliojua kugandisha maziwa na kusiriba sakafu na kusoma katekisimu nzima bila kitabu, hatukujua kusema neno hilo moja likiwa bado dogo. Namwonea wivu mtoto huyu. Nawaonea wivu wote, na viatu vyao, na katoni yao ya ordinateri.

Alifuta kibuyu chote. Akaandika fromaji, akaandika matundu matatu, akaandika wivu, kila neno mahali pake. Halafu akafika kwenye swali la pili, akainua kalamu.

"Mama, hapa kwa mulitengeneza namna gani, niandike nini?"

Nikamwambia apaache wazi.